Mwalimu kamwambia binti yangu kondomu ina vitundu, niende shule au ninyamaze?

mama_kijichi
Habari za jioni wadau. Naomba ushauri bila matusi maana najua humu mada ikishuka chini ya kiuno kila mtu anachangamka.

Nina binti yuko fomu tuu, shule ya kata tu ya huku kwetu, ana miaka 15. Ijumaa tunaosha vyombo akanambia mama leo wasichana wote tuliitwa chini ya mwembe mwalimu akatuongelesha mambo ya kikubwa. Nikajifanya sijastuka, nikaendelea kusugua sufuria, nikasema enhe, akasemaje. Akasema mwalimu kasema kondomu zina vitundu vidogo havionekani kwa macho ila virusi vya ukimwi vinapita kama mbu kwenye dirisha lisilo na wavu, kwa hiyo anayewaambia kondomu inakinga anawadanganya. Halafu kasema ukishavunja ungo mvulana akikugusa tu unapata mimba. Na la mwisho kawaandikisha kwenye daftari: siku ya 1 mpaka ya 9 salama, ya 10 mpaka ya 17 hatari, ya 18 mpaka ya 28 salama, na wamekariri kama tebo ya saba.

Binti mwenyewe ndo akaniuliza, sasa mama kama kuguswa tu ni mimba, siku salama ni za nini? Nikakosa jibu nikasema suuza vikombe.

Jamani hilo jedwali mimi nalijua. Nilipewa na rafiki yangu nikiwa na miaka 19, nikahesabu kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu, nikajiona msomi. Huyu anayesuuza vikombe ni mtoto wa siku salama. Ilikuwa siku ya 20, sijaisahau mpaka leo, nampenda mwanangu lakini kalenda ile siipendi.

Nimemweleza baba yake kasema mwache mwalimu wa watu, bora waogope, uongo wa kumlinda mtoto hauna dhambi. Na mimi nusu yangu inakubali, maana kweli sitaki afanye hayo mambo sa hizi. Nusu nyingine inaniambia hapana. Niende shule nikaongee au nitaonekana mama anayepigania kondomu za mwanae? Maana hapa mtaani ndo watakavyosema.

Chuma_Ulete
Ngoja nivute kiti hapa 😂

Vitundu gani bana, kajaze maji ndani ya kondomu uninginize kwenye kamba ya nguo, kesho asubuhi utayakuta yote. Sisi tulikuwa tunatengenezea mipira ya miguu hazikuwahi kutuvuja pumzi.

nesi_wa_zamu
Chuma_Ulete mpira wa miguu ni sayansi nzuri kuliko ya huyo mwalimu kwa kweli.

Dada mama_kijichi mimi ni nesi, niko kituo cha afya cha serikali mkoani, wasichana wa umri wa mwanao nawaona kila wiki, nijibu moja moja.

Vitundu hakuna. Mpira wa kondomu ukiwa mzima virusi vya ukimwi havipiti, na kiwandani kila kondomu inapimwa kwa umeme kabla haijafungwa, palipo na tundu umeme unapita inatupwa, na kwenye kila kundi wanachukua kadhaa wanazijaza maji kama alivyosema huyo jamaa wa kamba ya nguo. Kinachoangusha watu ni mengine: imekaa kwenye waleti miezi kwenye joto la mfuko wa suruali, imepita tarehe, kaifungua kwa meno, kapaka vaselini au mafuta ya nazi (mafuta yanalegeza huo mpira dakika chache tu), kavaa katikati ya safari, au leo kavaa kesho kamwamini mtu. Kwenye wanawake 100 wanaotegemea kondomu mwaka mzima, wakiitumia sawasawa kila mara watakaopata mimba ni kama 2. Kwa matumizi ya binadamu wa kawaida mwenye haraka zake ni kama 13. Hiyo 13 ndo ya kumwambia mtoto, ni ukweli na inatisha vya kutosha, hamna haja ya kubuni mbu na dirisha.

Sasa siku salama. Hapa nakaa kidogo maana hili jedwali limejaza wodi ya wazazi. Yai halipevuki siku ya 14 tangu ulipoanza kuona siku zako. Linapevuka KAMA siku 14 kabla ya hedhi INAYOFUATA, unahesabu kutoka mbele kurudi nyuma, na mbele hujafika. Mwenye mzunguko wa siku 28 zinakutana hapo 14 ndo maana jedwali likaandikwa hivyo. Mwenye mzunguko wa 35 yai lake linatoka kama siku ya 21. Wa 24, kama siku ya 10. Halafu mbegu ya kiume inaweza kuishi humo ndani mpaka siku 5 ikingoja. Wewe siku yako ya 20 nahisi mzunguko wako ni mrefu, sio kwamba ulihesabu vibaya, ulihesabu vizuri jedwali la mtu mwingine. Na wasichana wadogo miaka ya mwanzo mzunguko unaruka ruka, mwezi huu 26 mwezi ujao 40, kuwapa hilo jedwali ni kuwapa ramani ya mji wasioishi. Na wengi hawajui kwamba yai la kwanza kabisa linaweza kutoka KABLA hajaona damu ya kwanza, kwa hiyo "hajavunja ungo bado" nayo sio kinga.

La kuguswa nalo wala sitalijadili. Ila nimeshawahi kupokea mtoto kaja analia kakumbatiwa kwenye mahafali anaomba nimpime mimba. Na kesho yake kaja mwingine mimba ya miezi minne anasema hakujua, maana kaambiwa mara ya kwanza haishiki. Darasa moja hao.

Mzee wa Mwembeni
Nimesoma yote. Mimi ni baba wa mabinti watatu na mjukuu mmoja, na nasema mwalimu yule kafanya kazi yake. Nyie vijana mnataka mtoto wa miaka 15 aambiwe kondomu inafanya kazi, sasa akishajua inafanya kazi atakaa nayo ya nini? Ni kama kumwambia mtoto ufunguo wa duka uko wapi halafu umwambie usiingie. Haya mambo yanatoka nje, ndo maana Februari 2023 wizara ikazuia vitabu 16 visitumike shuleni, walikuta mambo humo hayasomeki mbele ya mkwe. Mtoto afundishwe kumcha Mungu na kujiheshimu. Sisi hatukufundishwa na tumezaa tumelea.

ticha_msitaafu
Shikamoo mzee wangu. Mimi nimefundisha baiolojia miaka 22, fomu wani mpaka foo, nina mawili matatu.

La kwanza nianze na kosa langu. Topiki ya uzazi iko fomu sirii. Ukifika pale darasa lina watoto 80, nyuma wanacheka, mbele wameinamisha vichwa, ukichora mchoro wa via vya uzazi ubaoni mwalimu mkuu anapita dirishani. Mimi miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nasema someni wenyewe ukurasa fulani mpaka fulani, mtihani hauna swali hapo, tunaenda topiki inayofuata. Kumbe swali lipo, ila mi naogopa. Na wakati huo fomu sirii wangapi wamebaki? Wengi waliobeba mimba walibebea la saba na fomu wani, hiyo topiki hawakuwahi kuiona.

Sasa mzee hoja yako ya woga. Woga tulikuwa nao wa kutosha nchi hii. Binti akipata mimba anafukuzwa shule harudi, hiyo imekaa miaka na miaka mpaka Novemba 2021 ndo serikali ikaruhusu warudi baada ya kujifungua. Shule nyingi zilikuwa zinawapima kwa kuwabonyeza tumbo mstarini, ukiulizwa ni woga gani zaidi ya huo. 2016 ikaongezwa sheria aliyempa mimba mwanafunzi miaka 30 jela. Na bado kwenye ule utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2015/16 wasichana wa miaka 15 mpaka 19 waliokuwa wameshazaa au wana mimba ni asilimia 27. Ule wa 2022 ni asilimia 22. Imeshuka sawa, lakini asilimia 22 ni kila wasichana tisa wawili. Woga ulikuwepo. Kilichokosekana ni kitu kingine.

Na kuna kitu kilifanyika Kenya ya magharibi, nakipenda sana, nilikuwa nakihadithia ofisini mpaka wenzangu wakachoka. Mtafiti mmoja Pascaline Dupas alichukua shule za msingi 328 huko. Baadhi ya shule walimu wakapewa semina ya kufundisha silabasi ya serikali ya ukimwi, ambayo ujumbe wake mkubwa ni subirini mpaka ndoa. Halafu shule 71 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, watoto wa darasa la nane wakapewa kipindi KIMOJA, dakika 40, na kikubwa kilichosemwa humo ni takwimu: wavulana wa rika lenu wenye virusi ni wachache, wanaume watu wazima wenye virusi ni wengi zaidi, haya hapa kwa umri. Na video fupi ya mabinti na wanaume watu wazima, wakaijadili. Mwaka uliofuata, ile silabasi ya subirini haikupunguza mimba. Wale wa dakika 40 mimba zilipungua kwa asilimia 28, na zilizopungua hasa ni zile za watu wazima, wale mafataki wa lifti na chipsi mayai.

Mzee unaona hapo? Watoto wale hawakupewa ufunguo wa duka. Waliambiwa mwizi anafananaje. Na aliyekuwa anawatongoza anajua hawajui.

dogo_wa_Uyole
Wakuu mbona mnaongea wasichana tu, sisi tuliitwa chini ya mwembe gani?

Mi fomu wani nikaamka shuka limelowa nikajua nimepata gono, na sijawahi hata kushikana mkono na demu. Wiki nzima sili vizuri. Nikaenda duka la dawa nikasema kaka yangu anaumwa (kaka yangu wa kufikirika), muuzaji akanipa vidonge vya rangi mbili nikameza dozi nzima na hela ya daftari ikaishia hapo. Ndoto nyevu nilikuja kuijua kwa jina nikiwa fomu foo. Baba mzazi yuko ndani ya nyumba hiyohiyo na yeye aliwahi kuota hizo ndoto siku zake lakini kimya.

Na hili la uongo wa kumlinda mtoto ngoja niwaambie linavyoishia. Tuliambiwa na mtu mzima kabisa anayeheshimika ukijichua unapofuka. Bwenini tuko 40. Tukangoja. Hakuna hata mmoja aliyevaa miwani. Sasa hesabu tuliyopiga ilikuwa hii: kama hili ni uongo basi na la ngoma ni uongo, na la mimba ni uongo, hawa wazee wanatutisha tu. Mnaona? Hatukutupa ule uongo mmoja, tulitupa mzigo wote. Na yule wa vitundu ndo kabisa, maana mwanafunzi akisikia kondomu haikingi haachi kufanya, anaacha kuvaa.

nesi_wa_zamu
Hiyo sentensi yako ya mwisho dogo nitaibandika ukutani kliniki.

Niongeze kidogo maana umetaja vidonge. Wasichana wanameza P2 (vidonge vya dharura vya kuzuia mimba) kama pipi kila wikiendi, wengine wanaimeza wakiwa tayari na mimba wakidhani inatoa. Haitoi. Kazi yake ni kuchelewesha yai, ndo maana ni ndani ya masaa 72 na saa za mwanzo ni bora kuliko za mwisho. Na masaa 72 mengine ambayo hakuna anayewaambia ni yale ya dawa za kuzuia VVU baada ya mtu kubakwa au kujihatarisha, unameza siku 28, ukija siku ya tano nakuangalia tu machozi yananilenga. Mtoto aliyebakwa akakaa kimya siku nne kwa aibu kwa sababu hajui hata jina la sehemu iliyoumizwa alitajeje, hilo nimeliona kwa macho yangu, anasema "huku" anaonyesha kidole.

Na neno UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Siku hizi kila kitu UTI. Kisonono UTI, usaha UTI, kidonda UTI. Wanameza dawa ya UTI wanarudi kwa aliyewaambukiza.

Bi_Chekanao
Mzee wa Mwembeni kasema hatukufundishwa, labda huko kwao. Sisi Newala tulifundishwa, nimechezwa unyago likizo ya Desemba nina miaka kumi hata kifua sina. Nilifundwa heshima kwa wakubwa, usafi wa siku za mwezi, kufua vitambaa na wapi pa kuanika wasivione wanaume, hayo nashukuru mpaka kesho maana wenzangu wa mjini walikuwa wanakaa na aibu peke yao. Lakini nilifundwa pia kiuno na jinsi ya kumpokea mume. Miaka kumi. Mimba inatungwaje hakuna aliyesema, nikatoka mle najua namna ya kumfurahisha mwanaume sijui namna ya kumkataa.

Kwa hiyo msiseme elimu hii imeletwa na wazungu. Kungwi alikuwepo kabla ya shule. Tatizo kungwi alikuwa anamwandaa mke, sasa hivi tuna mwanafunzi, na kungwi hajabadilisha nyimbo.

Mzee wa Mwembeni
Marahaba mwalimu. Nimesoma ya Kenya mara mbili. Sikubaliani na yote, mimi bado naamini nyumbani kwanza na dini kwanza, na sitaki mtu anionyeshee mjukuu wangu picha za ajabu. Lakini hilo la mwizi anafananaje nimelielewa. Na hilo la binti kusema "huku" limenikaa vibaya, nina mjukuu wa miaka sita na sisi nyumbani tunaita "kidude".

Swali kwa nesi. Kuna chanjo wanachoma mabinti shuleni, mtaani wanasema inafunga kizazi. Mke wangu aliwazuia wale wawili wadogo. Ukweli ni upi?

nesi_wa_zamu
Mzee haifungi kizazi. Ni chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya shingo ya kizazi, ilianza nchi nzima 2018 kwa wasichana wa miaka 14, sa hizi ni dozi moja kwa wa miaka 9 mpaka 14. Inachomwa mapema kwa sababu inafanya kazi vizuri kabla hawajakutana na virusi, sio kwamba tunawaruhusu kitu. Hawa virusi hata kondomu haiwazuii wote maana wanaambukiza kwa ngozi. Kama hao mabinti wako bado hawajapita 14 mlete mkeo tuongee, kituo chochote.

mama_kijichi
Mrejesho.

Kwanza nesi nimehesabu mizunguko yangu ya nyuma, ni 34. Miaka kumi na sita nilijua ni mimi nilikosea kuhesabu.

Leo nimeenda shule. Nilivaa gauni la kanisani ili nionekane mama wa heshima, baba yake kacheka. Mwalimu mwenyewe ni mwalimu wa malezi, binti tu mdogo kuliko mimi, labda miaka 26. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nikamwambia taratibu mwalimu yale ya vitundu mbona sio kweli. Akaniangalia. Nilitegemea atasema najua ila nilitaka waogope, kama alivyosema baba watoto. Hakusema hivyo. Kasema mama na mimi niliambiwa hivyohivyo nikiwa fomu tuu, kuna watu walikuja na bango. Yaani hakuwa anadanganya, alikuwa anaamini. Chuoni hakuna aliyemrekebisha, kapewa malezi kwa sababu ni mwanamke na ni mgeni pale shuleni, semina hajawahi kwenda.

Nikamsomea alivyoandika nesi kwenye simu. Ya kondomu akaandika. Ya mafuta ya nazi akashtuka. Nilipofika kwenye yai kuhesabiwa kurudi nyuma akanyamaza, akafunga mlango wa ofisi, akaniuliza sasa mama mtu mwenye mzunguko wa siku 33 ambaye amekuwa akifuata lile jedwali afanyeje?

Nikamuuliza ni mwanafunzi? Akasema hapana.

Nesi, kituo chenu mnafungua saa ngapi Jumamosi?